Mstari wa Kahawa

Sifa ni zako, Mungu Baba, uliyeniacha niishi mpaka nywele zikawa nyeupe, na bado macho yangu yana nuru ya kutosha kuandika ukurasa mmoja kwa siku. Umenivumilia kwa miaka mingi, na chakula hukuninyima. Nisaidie niseme kweli hata pale inaponiumiza, maana habari ninayotaka kusimulia ni ya aibu, na mwenye aibu ni mimi.

Majuzi mjukuu wangu alikuja kuniaga. Amepata nafasi ya kwenda kuishi katika nchi ya mbali, na wenyeji wa huko wamemtumia karatasi za kumwelekeza: namna ya kupanda basi, mahali pa kumwona daktari, siku ya kutoa takataka nje, saa ambazo hairuhusiwi kupiga kelele. Alikaa karibu nami akanisomea zote, moja baada ya nyingine. Nilisikiliza nimefumba macho. Alidhani nimesinzia, akanigusa bega.

"Babu, umelala?"

"Sijalala. Endelea kusoma. Nitakwambia nikisikia ninachokitafuta."

Alisoma mpaka mwisho. Sikumweleza kisa cha kile nilichokuwa natafuta. Naandika hapa ili amsomee mke wake, na wengine wasome.

Zamani hizo Waingereza ndio waliotawala, na mimi nilikuwa kijana, mwalimu wa shule ndogo ya kanisa upande wa Kamachumu. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi na paa la nyasi. Nilikuwa na kaptula moja ya kaki niliyoipiga pasi kwa mkaa kila Jumamosi, na mwandiko ambao watu waliusifu. Mwandiko ndio ulionipoteza.

Miaka hiyo wageni walikuwa wakiingia Buhaya wengi wengi, wakitoka upande wa Wabelgiji, ng'ambo ya mto Kagera na kupita huko. Walikuja kwa miguu, jembe begani, mke nyuma na mtoto mgongoni. Walilima migomba ya watu, wakapalilia kahawa, wakakata nyasi na kubeba mbolea. Usiku walilala kwenye vibanda vya mbuzi au nyuma ya jiko la mwenye kazi. Kihaya walikielewa nusu, Kiswahili wachache, na desturi zetu hawakuzijua kabisa. Kila siku kulikuwa na ugomvi mdogo: huyu amekata majani ya mgomba wa mtu akajifunika mvua, yule amechota maji mahali pa kunyweshea ng'ombe.

Mchungaji wetu, mtu mpole, akaniita baada ya ibada.

"Mwalimu, watu hawa wanakosa kwa kutojua. Waandikie mambo ya nchi hii, ya kila siku tu, wapate kuishi na watu vizuri. Anayejua kusoma atawasomea wenzake."

Nilifurahi mno. Nilikaa jioni mbili kabla ya giza, nikaandika kwa wino mweusi kwenye karatasi kubwa, kisha nikanakili mara tatu. Karatasi moja niliipigilia msumari kwenye mlango wa shule.

Nayakumbuka maneno yake mpaka leo, na ningefurahi kuyasahau. Niliandika kwamba ukiitwa na mwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, itika "waitu" upesi, halafu uende, usiitike ukiwa umekaa. Kwamba ukikutana na mzee njiani, shuka pembeni, uweke mzigo chini, umsubiri akusalimie. Kwamba majani ya mgomba hayakatwi bila ruhusa, hata makavu, maana ndiyo chakula cha udongo. Kwamba maji ya kunywa huchotwa juu, penye jiwe, na ya kufulia chini. Chini ya mstari wa maji nikaandika wa kahawa: "Kahawa ni mali ya mwenyewe. Usitie mdomoni hata punje moja, hata iliyoanguka chini, hata ukipewa na mtoto. Mgeni anayeonekana anatafuna kahawa ataitwa mwizi." Kisha nyasi za kutandika ndani ya nyumba, kwamba hukatwa rweya, yaani kwenye uwanda wa nyasi nje ya migomba, na rweya ya kila kijiji ina wenyewe. Halafu siku za soko la Nshamba, na cheti cha kodi kukaa nacho mwilini muda wote, na mengine.

Niliisoma kwa sauti mbele ya watu nje ya kanisa. Walicheka kwa kukubali. Jirani mmoja mwenye mdomo mkali, ambaye atatokea tena katika habari hii, alinipiga mgongoni.

"Mwalimu, leo umewapatia! Hilo la kahawa uliandike kwa herufi kubwa!"

Nami nikaliandika upya kwa herufi kubwa.

Kati ya wageni hao alikuwepo mtu mmoja aliyetoka Urundi, mrefu, mwenye kovu la moto mkononi. Alikuwa amejifunza kusoma kwa mapadre huko kwao. Alikuja shuleni wanafunzi walipokwisha kutoka, akasimama mbele ya ule mlango na kipande cha karatasi ya sukari, akanakili yote kwa penseli, neno kwa neno. Alipomaliza alinishukuru kwa mikono miwili.

"Mwalimu, tumetembea siku nyingi bila mtu wa kutuambia lolote. Wewe ndiye wa kwanza."

Alikuwa Mkatoliki, na mimi Mlutheri, na wakati huo nilihesabu mambo kama hayo. Nilimjibu kwa ufupi. Lakini nilipenda alivyonishukuru.

Yeye na mke wake waliikariri ile karatasi. Mke hakujua kusoma, basi mume alimtajia wakiwa wanalima, naye akamrudishia, kama watoto wa kipaimara wanavyojibu maswali. Watu waliopita njiani waliwasikia kwenye migomba: "Maji ya kunywa?" "Juu, penye jiwe." "Ukikutana na mzee?" "Pembeni, mzigo chini." Walicheka wenyewe kwa wenyewe wakifanya hivyo. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, bado ananyonya, na walilala kwenye kibanda kilichokuwa cha mbuzi. Mbuzi nao walikuwa wakirudi humo kila mvua ikinyesha.

Walimlimia mzee mmoja mwenye kibanja kikubwa cha urithi. Wanawe walikuwa wamekwenda Uganda kutafuta kazi na hawakurudi, na upande mmoja wa migomba yake ulianza kushindwa na magugu. Yule Mrundi aliusafisha upande ule wote, akatandaza nyasi, akaweka mbolea, na migomba ikasimama tena. Mzee alikuwa akija kukaa pale kwenye kigoda, anamtazama. Hatimaye akamwita mkungu, yaani mkuu wa kijiji, akamwambia anataka kumkatia mtu huyu kipande, hapo hapo alipopasafisha, ajenge, alime, akae na mke wake kama mtu wa kwao.

Habari hiyo ilipomfikia yule mgeni alikuja mbio kwangu, jembe bado mkononi.

"Mwalimu, mzee ananiita Jumamosi. Na mkungu atakuwepo. Kuna jambo jingine la kujua ambalo halimo kwenye karatasi?"

Ndugu msomaji, sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa nasahihisha hesabu za wanafunzi.

"Shika yaliyoandikwa," nilimwambia. "Yanatosha."

Sasa nieleze kwa asiyejua. Kwetu Buhaya kahawa, akamwani kwa Kihaya, ilitafunwa kabla Mzungu hajaja kuinunua. Huchumwa ikiwa bado haijaiva, huchemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, huanikwa mpaka ikauke, na huwekwa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Mgeni akiingia, kabla ya neno lolote la maana, mwenye nyumba hufungua kikapu. Huchukua yeye kwanza, hutafuna mgeni akimwona, ili mgeni ajue hakuna baya ndani. Kisha humpa mgeni. Mgeni akipokea na kutafuna, maneno yanaweza kuanza. Akikataa, amesema bila kusema: nyumba hii siiamini, mkono huu utaniua.

Kila mtoto wa kwetu anajua jambo hili kabla hajajua kuvaa. Mimi nililijua. Nilikuwa nimeandika mambo kama ishirini ya nchi yetu, na hilo sikuliandika.

Jumamosi alasiri tulikutana katika nyumba ya msonge ya yule mzee. Chini palikuwa pametandikwa nyasi mpya, bado zina harufu. Alikuwepo mkungu, alikuwepo yule jirani mwenye mdomo mkali kama shahidi, na mimi niliitwa niandike makubaliano. Mgeni alikuja amefua shati, halijakauka vizuri mabegani. Mke wake alibaki nje, karibu na mlango, na mtoto.

Mgeni alisalimia sawasawa. Alikaa chini sawasawa, mahali pa chini. Mzee alifurahi, ilionekana. Akamwita mke wake, naye akaleta kikapu. Mzee akafungua, akachukua punje mbili, akatia mdomoni, akatafuna polepole. Kisha akamnyoshea mgeni.

Mgeni akarudisha mikono nyuma ya mgongo wake.

"Hapana, mzee," alisema. "Mimi siwezi."

"Huna meno?" mkungu aliuliza, na watu wakacheka kidogo.

"Meno ninayo. Siwezi kula kahawa ya mzee."

Mzee alitabasamu, akadhani ni haya ya mgeni. Akachukua punje nyingine, akatafuna, akanyosha kikapu mara ya pili. "Chukua, mwanangu. Ni akamwani tu."

"Nimefundishwa vizuri, mzee," mgeni alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Siwezi kudanganyika."

Sijui nieleze vipi namna ile nyumba ilivyopoa. Yule jirani ndiye aliyesema kwanza, kwa Kihaya cha haraka ambacho mgeni hakukishika.

"Mmesikia! Huko kwao wamemfundisha kwamba Wahaya tunaua kwa sumu. Amekula viazi vya mzee mwaka mzima, leo anaogopa punje ya kahawa!"

Mzee hakumtazama yule jirani. Alinyosha kikapu mara ya tatu. Mgeni akatikisa kichwa. Kisha akanigeukia mimi. Nimeyabeba macho yale tangu siku hiyo. Hayakuwa macho ya mtu aliyepotea. Alinitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu mbele ya mkaguzi, akisubiri nitikise kichwa kwamba amejibu vema. Alidhani wanampima.

Nilijua. Nilijua saa ile ile, kabla kikapu hakijarudi. Neno moja lingetosha: "Mzee, kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwandikia hivyo." Lakini ningelisema, mzee angeuliza karatasi ilisema nini, na kwa nini mwalimu wa kanisa alimfundisha mtu kuwa mtumishi tu, na mkungu angesikia. Nikazitazama nyasi. Kulikuwa na sisimizi akipanda kwenye unyasi mmoja, akafika juu, akageuka. Nilimtazama sisimizi yule mpaka nikasikia kifuniko kinafungwa.

"Basi," mzee alisema, naye kwa Kihaya. "Asiyetafuna na mimi atalalaje kwenye ardhi yangu? Mwalimu, usiandike kitu."

Tukatoka. Njiani, kwenye migomba, mgeni akanifikia mbio.

"Mwalimu! Nimeshika?"

Nikamjibu, "Umeshika."

Mungu alisikia. Sikutafuta maneno, yalitoka yenyewe, na nikaenda nyumbani kula.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, nikaongoza nyimbo kanisani. Jumatatu nikafundisha. Kule sokoni yule jirani alikuwa akisimulia habari ya Mrundi aliyeogopa kahawa, kila mara anaongeza kitu, mpaka ikafika kwamba mgeni alitema mate kwenye kikapu. Watu walinicheka nikipita. "Mwalimu, yule mwanafunzi wako!" Nami nilicheka nao. Mzee alikuwa amemwambia mgeni asirudi kulima kwake. Kibanda cha mbuzi kilirudi kwa mbuzi.

Siku ya Jumanne mke wa yule mgeni alikuja shuleni. Wanafunzi walikuwa wamekwenda kuchota maji. Alikuwa na mtoto mgongoni na ile karatasi ya sukari imekunjwa mara nne. Hakukaa nilipomkaribisha. Alisimama mlangoni, mahali ambapo mzigo huwekwa.

"Mwalimu, mume wangu ameondoka leo asubuhi kwenda Bukoba kutafuta kazi ya kubeba mizigo. Ameniambia nimfuate nikipata nguvu za kutembea. Kabla sijaondoka nataka kujua. Tulivunja mstari gani? Mimi sijui kusoma. Nisomee."

Nikasoma. Nilisoma "waitu" na mzee njiani. Nikasoma majani na maji. Kisha, Mungu anisamehe, nikaruka, nikasoma nyasi za rweya.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umeruka mmoja, mwalimu," alisema taratibu. "Labda penseli imefutika. Upo kati ya maji na nyasi. Kahawa ni mali ya mwenyewe, usitie mdomoni hata punje moja, hata iliyoanguka chini, hata ukipewa na mtoto."

"Upo," nilisema.

"Huo hatukuuvunja."

"Hamkuuvunja."

Alifikiri. Mtoto alivuta kamba ya nguo yake, naye akamtuliza bila kumtazama. "Wanawake kisimani wamenieleza leo habari ya kikapu. Kwamba mgeni akikaribishwa ndani hupewa, na lazima apokee. Hilo lipo kwenye karatasi, mahali ambapo mume wangu hakunakili?"

"Halipo."

"Uliliacha?"

"Sikulifikiri."

Akaitwaa karatasi mkononi mwangu, akaikunja katika mikunjo yake ile ile.

"Ulifikiri maji," alisema. "Ulifikiri majani makavu. Hukufikiri kwamba kuna mtu atatukaribisha."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Aliaga kwa adabu, vile nilivyoandika.

Nilifunga shule mchana ule. Nililing'oa lile tangazo mlangoni, kucha ikachanika kwenye msumari, nikaenda kwa mzee. Nilimkuta kwenye kigoda chake, upande ule ule uliosafishwa. Nilipiga magoti kwenye majani makavu, nikamwambia yote, hata la kuzitazama nyasi, hata la "umeshika". Alituma mtu akawaite mkungu na yule jirani. Walipofika aliniambia nisimame.

"Sisi hatujui kusoma. Tusomee."

Niliisoma yote, tafsiri yake kwa Kihaya. Maneno niliyojivunia yalikuwa machungu kinywani. Nilipofika kwenye kahawa, yule jirani alikohoa, maana alikumbuka nani aliyeomba herufi kubwa.

"Soma tena huo," mzee alisema. Nikasoma tena. "Na unaofuata." Nikasoma. "Yuko wapi mtu aliyekaribishwa? Imeandikwa wapi kwamba mtu huyu atakula, atakaa, atasalimiwa?"

"Haikuandikwa, tata," nilimjibu, kama mwana wa Kihaya anavyomwita baba yake.

Aliitazama karatasi mkononi mwangu. "Ulitumwa uwaandikie wao habari zetu," alisema. "Umetuandika kweli. Mtu akisoma hii atajua sisi ni watu gani. Naona haya kuliko siku ile."

Mkungu akasema, "Basi mtu aitwe, apewe kipande chake."

Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa na hasira siku ile ya Jumamosi, na Jumapili alikuwa amempa mtoto wa dada yake upande ule wote, mbele ya mashahidi. "Neno langu limetoka. Siwezi kulirudisha mdomoni. Kilichobaki kwangu ni kule pembeni, kwenye mpaka wa rweya. Udongo wake ni mchanga na mawe. Kama atakubali, aje. Wewe uliyemfukuza ndiye utakayemleta."

Kulipopambazuka nilipanda lori lililobeba magunia kwenda mjini. Bukoba nilizunguka mpaka alasiri, nikamkuta ziwani, mahali meli inapopakia. Alikuwa katika mstari wa wabeba mizigo, gunia shingoni, anapanda ubao. Magunia yale yalikuwa ya kahawa. Alikuwa amefunikwa vumbi lake mpaka kope, na najua hakuwa ameonja hata punje.

Aliponiona alitua gunia, akaliweka chini, akashuka pembeni, akasubiri nimsalimie. Nikashindwa. Nikakaa chini kwenye mawe mbele yake na kaptula yangu ya kaki, na watu wakipita, nikamwambia.

Alisikiliza akinitazama mdomo, kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha naye akakaa.

"Nilidhani nimefaulu," alisema. "Njiani kurudi nilimwambia mke wangu, tumefaulu, hata mwalimu amesema. Tuliimba."

"Nisamehe."

"Mke wangu anajua?"

"Yeye ndiye aliyeligundua."

Hapo akacheka kidogo, akapangusa uso kwa mkono wenye kovu. "Yeye hukariri kuliko mimi." Msimamizi alimpigia kelele arudi kazini. Aliinuka, akabeba gunia lake mpaka juu melini kwanza, kwa sababu alikuwa amelishika, ndipo akarudi kwangu. "Twende," alisema. Kuhusu kusamehe hakusema neno siku ile, nami sikuuliza tena.

Mzee alimpokea mlangoni mwenyewe. Kikapu kilifunguliwa, punje zikatafunwa, mgeni akatafuna akifumba macho kwa uchungu wa kahawa asiyoizoea, na watu wakacheka kicheko kizuri. Makubaliano niliyaandika mimi. Lakini niliandika kipande cha mpakani, na kila mtu mle ndani alijua kile kingine kilikuwa wapi.

Wapendwa, udongo wa rweya hauna huruma. Kibanja kizuri hutengenezwa na babu na babu wa babu, kwa nyasi na mbolea ya ng'ombe, miaka isiyohesabika. Yule mtu alianza peke yake. Kila siku nilipokwenda shuleni nilipita njia ile, na upande wa kushoto niliona migomba minene ya mtoto wa dada, majani yamegusana. Upande wa kulia niliona migomba ya yule Mrundi, myembamba kama mikono ya mgonjwa, imeegemezwa vijiti. Yeye na mke wake walikuwa wakibeba nyasi kutoka mbali. Mimi nilianza kubeba nao baada ya kutoka shule. Watu walinicheka: mwalimu amekuwa mpagazi wa mgeni! Nilibeba kwa miaka mingi, na sikuweza kuufanya udongo ule uwe kama ule mwingine.

Karatasi ya pili niliiandika bila kuombwa. Niliipeleka kwanza kwa yule mama, nikamsomea, naye akanisahihisha mahali pawili. Ilianza hivi: "Utakaribishwa. Ukipewa kahawa kwenye kikapu, pokea, tafuna, ndipo useme shida yako." Mengine yote yalifuata, maji na majani na cheti cha kodi. Wageni waliokuja baadaye wengi waliijua. Haikumsaidia yule wa kwanza.

Mikahawa yake ilichelewa kuzaa. Ilipozaa mara ya kwanza, alimtuma mtoto wake wa kike, ambaye sasa alikuwa mwanafunzi wangu, aniite nyumbani. Nyumba ilikuwa ndogo, nyasi mpya chini. Nilikaa mahali pa chini, akanihamisha mahali pa juu. Mke wake akaleta kikapu alichokisuka mwenyewe. Mume akachukua punje mbili, za mti wake, akatafuna nikimwona. Kisha akaninyoshea.

Mkono wangu ulikataa kuinuka. Nilitazama kahawa ile, nikaona migomba yote myembamba niliyopita kwa miaka ile, nikaona sisimizi kwenye unyasi.

Mke wake akaweka mkono kiunoni.

"Mwalimu, vipi? Haikuandikwa?"

"Imeandikwa, mama."

"Basi shika yaliyoandikwa. Yanatosha."

Nikapokea. Ilikuwa chungu, na nzuri. Nilitafuna nikilia, nao wakaanza kuzungumza habari za mvua kana kwamba hawaoni.

Wote wawili wamekwisha kutangulia mbele za Mungu, na mtoto wao ndiye anayetunza kibanja kile. Migomba yake leo si myembamba tena. Lakini mimi najua ilichukua muda gani, na nani aliyesababisha.

Jambo nililokuwa nalitafuta katika karatasi za mjukuu wangu, lile neno la kwanza la karatasi yangu ya pili, sikulisikia. Nilimwambia aliandike mwenyewe kwa mkono wake, juu kabisa, kabla ya mabasi na daktari. Alicheka, kisha akaniona uso, akaandika.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akupe mlango unaofunguka mahali popote utakapofika ukiwa mgeni, na mtu wa kula kwanza mbele yako ili usiogope. Na siku mgeni atakapofika kwako, Bwana akukumbushe mapema kuliko alivyonikumbusha mimi. Amina.